Oracle APEX ikigoma, uanze kumtafuta nani

Malalamiko huja kwa sentensi moja: "APEX imekufa." Anayelalamika ni mtu wa uhasibu au wa mapokezi, na kwa upande wake hajakosea, maana anachokiona ni ukurasa usiofunguka. Kwa anayesimamia mfumo, sentensi hiyo haimpi pa kuanzia. Kati ya kivinjari cha mhasibu na jedwali lenye data yake kuna vituo kadhaa, na ombi lake hubadilishwa jina kila linapovuka kimoja. Matatizo mengi ya APEX, hata yale yanayokula siku nzima, huanza kueleweka pale unapouliza: ombi lilipokwama, hifadhidata ilikuwa inamwona nani?

Kwa asiyeijua vizuri, APEX ni jukwaa la Oracle la kujenga programu za wavuti ndani ya hifadhidata yenyewe. Lilitoka mwaka 2004 kwa jina la HTML DB, likaitwa Application Express mwaka 2006, na tangu 2018 matoleo yake hutajwa kwa mwaka: 18.1, 21.2, 24.2. Halilipiwi peke yake; ukiwa na hifadhidata ya Oracle, hata ile ya bure, unalo. Wanaotoka kwenye PHP huchelewa kuzoea jambo moja: programu ya APEX si folda yenye mafaili. Kila ukurasa, kila kitufe, kila fomu ni rekodi kwenye majedwali ambayo majina yake hadi leo yanaanza na WWV_FLOW, masalia ya enzi ambapo mradi uliitwa Flows. Mtu akifungua ukurasa, injini inasoma rekodi hizo na kutunga HTML papo hapo.

Majina manne ya ombi moja

Tuseme kuna programu ya stoo, na mtumiaji wake ameingia kama KARANI1. Amebofya kitufe. Ombi linatoka kwenye kivinjari na kufika ORDS, programu ya Java inayosimama kati ya wavuti na hifadhidata. ORDS haifungui muunganisho mpya kila inapoguswa. Ina kundi la miunganisho iliyokwisha kufunguliwa kwa akaunti ya ORDS_PUBLIC_USER, inachukua mmoja, kisha inavaa jina la APEX_PUBLIC_USER. Mifumo ya zamani iliingia moja kwa moja kama APEX_PUBLIC_USER, na bado iko mingi. Ndani ya hifadhidata, kazi inapokewa na injini ya APEX, ambayo vifurushi vyake vinamilikiwa na skima (akaunti ya hifadhidata inayomiliki majedwali na msimbo) yenye namba ya toleo, mfano APEX_240200. Mwisho kabisa, SQL uliyoiandika wewe inaendeshwa kwa mamlaka ya skima ya programu, hapa tuiite STOO.

KARANI1 yuko wapi? Kwa hifadhidata, hayupo. Hana akaunti, hana nenosiri la Oracle, hana ruhusa hata moja. Ni jina tu ambalo APEX imelishika kwenye sesheni yake. Ndiyo maana msimamizi wa hifadhidata aliyezoea mifumo ya zamani akitazama orodha ya waliounganishwa huona jina lile lile limejirudia toka juu mpaka chini na kudhani hakuna namna ya kujua nani anafanya nini. Namna ipo, ila haiko kwenye safu ya USERNAME:

select sid, username, module, client_identifier, event
from v$session
where module like '%APEX:APP%'
and status = 'ACTIVE';

Kwenye MODULE utaona kitu kama STOO/APEX:APP 100:12, yaani skima STOO, programu namba 100, ukurasa wa 12. Kwenye CLIENT_IDENTIFIER utaona KARANI1 likifuatiwa na nukta pacha na namba ya sesheni ya APEX. Mtu mmoja, ukurasa mmoja, umempata. Kama wewe ndiye msimamizi na SQL hii huna mahali palipo karibu, iweke leo.

Miezi sita baada ya ufungaji

Sasa tazama ugonjwa unaoongoza. Mfumo umefungwa Januari, umefanya kazi vizuri, hakuna aliyeugusa. Asubuhi moja ya Julai kila mtu anapata ukurasa wa kosa wa ORDS, mara nyingi 503 au 574. Watu wanaanzisha seva upya. Haisaidii. Wanaanza kumshuku mtu wa mtandao.

Profaili ya DEFAULT ya Oracle, yaani kanuni zinazoihusu akaunti isiyopewa profaili nyingine, inaweka umri wa nenosiri kuwa siku 180, na siku 7 za rehema juu yake. Binadamu anayeingia kwa mkono huonywa katika siku zile za rehema. ORDS haisomi maonyo. Siku zikiisha, mlango unafungwa. Uthibitisho unachukua nusu dakika:

select username, account_status, expiry_date, profile
from dba_users
where username in ('ORDS_PUBLIC_USER','APEX_PUBLIC_USER');

Ukiona EXPIRED au LOCKED, umeshampata. Watu wengi hukwama kwenye hatua inayofuata, wala si kwenye kutambua kosa. Wanabadilisha nenosiri kwa ALTER USER, wanafungua akaunti, mfumo haurudi, na baada ya muda mfupi akaunti imejifunga tena. Wanafungua tena, inajifunga tena. Sababu ni kwamba ORDS bado inaendelea kugonga kwa nenosiri la zamani, na profaili ile ile ya DEFAULT inafunga akaunti baada ya majaribio 10 yaliyoshindwa. Kwa hiyo mpangilio ndio dawa. Zima ORDS kwanza. Badilisha nenosiri kwenye hifadhidata na ufungue akaunti. Weka nenosiri hilo hilo jipya upande wa ORDS. Kuanzia toleo la 22.1 amri ni ords --config njia_ya_usanidi config secret db.password. Halafu ndipo uiwashe.

Kisha hakikisha hadithi hii hairudi baada ya miezi sita mingine. Tengeneza profaili ya akaunti za huduma peke yake, yenye PASSWORD_LIFE_TIME UNLIMITED, na uwape akaunti hizo mbili. Wakaguzi wengine hawalipendi neno UNLIMITED. Kama sera ya ofisi hairuhusu, basi tarehe ya kubadilisha iwe kwenye kalenda ya mtu mwenye jina, na isiwe siku ya mwisho wa mwezi.

Ndugu yake tatizo hili ni msimamizi kusahau nenosiri la ADMIN wa APEX. Ukiendesha apxchpwd.sql kama SYS utaliweka upya. Ila kuna mtego: hifadhidata za siku hizi zina kontena, na ukiingia bila kutaja jina unatua kwenye mzizi, wakati APEX imefungwa ndani ya PDB, moja ya hifadhidata zilizomo ndani ya kontena. Andika show con_name kabla ya chochote. Kwenye Oracle 23ai ya bure PDB inaitwa FREEPDB1, kwenye XE ilikuwa XEPDB1.

Ukurasa mweupe

Hili nalitaja haraka. Ukurasa umefunguka lakini hauna rangi, vitufe vimerundikana upande wa kushoto, na kiweko cha kivinjari kinalalamika kwamba apex haijulikani. Hifadhidata ni nzima. Kilichokosekana ni mafaili ya picha, CSS na JavaScript ambayo ORDS inayatoa chini ya /i/. Ama njia imekosewa, ama umepandisha toleo la APEX ukasahau kubadilisha folda ya picha, kwa hiyo injini mpya inahudumiwa na mafaili ya zamani. Kama seva yako na vivinjari vya watumiaji vina intaneti ya kuaminika, unaweza kuelekeza kwenye mafaili ya Oracle yaliyoko static.oracle.com kwa kuendesha reset_image_prefix.sql iliyo kwenye folda ya utilities. Kama ofisi yako hukatikiwa intaneti mara kwa mara, usifanye hivyo; mtandao wa ndani utakuwa mzima na mfumo hautafaa kitu.

Jedwali lipo, halafu halipo

Msanidi ameandika SQL kwenye SQL Developer, zana ya Oracle ya kuandikia SQL, imeleta data. Ameibandika kwenye ripoti ya APEX, amepata ORA-00942, jedwali halipo. Anaapa kwamba lipo. Kweli lipo.

Rudi kwenye lile swali la mwanzo: hifadhidata inamwona nani? Ndani ya SQL Developer hifadhidata inamwona yeye, pamoja na ruhusa zote alizopewa kupitia majukumu, zile role za Oracle. Ndani ya APEX hifadhidata inaiona skima STOO, na ruhusa zilizopitia kwenye role hazihesabiki hapo, kama ambavyo hazihesabiki ndani ya prosija ya kawaida ya PL/SQL, lugha ya Oracle ya kuandika programu ndani ya hifadhidata. Ukiipa STOO ruhusa ya moja kwa moja, grant select on uhasibu.ankara to stoo, kesi imekwisha. Usikubali kirahisi njia ya mkato ya kuipa skima ya programu role ya DBA. Kwanza haitatui kosa lenyewe, kwa sababu ile ile. Pili, siku mtu akipenyeza SQL kupitia kisanduku cha kutafutia, hutapenda kujua ameipata skima gani.

Kutoka nje: malipo, barua pepe na vyeti

Hapa Afrika Mashariki ni nadra programu ya biashara isiyotakiwa kuzungumza na huduma ya malipo ya simu. APEX inaweza, kwa apex_web_service.make_rest_request, na hapo ndipo watu hukutana na ORA-29273. Kosa hilo ni kifuniko tu. Linasema ombi la HTTP limeshindwa; sababu iko mistari ya chini yake, na wengi hawafiki huko.

Chini ukikuta ORA-24247, hifadhidata imekataa kumruhusu mtu kutoka nje. Mtu gani? Si STOO. Anayepiga simu ni injini, na kwa hiyo ruhusa inatolewa kwa skima ya injini:

begin
  dbms_network_acl_admin.append_host_ace(
    host => 'api.mfano.co.tz',
    lower_port => 443,
    upper_port => 443,
    ace => xs$ace_type(
      privilege_list => xs$name_list('connect'),
      principal_name => 'APEX_240200',
      principal_type => xs_acl.ptype_db));
end;
/

Tazama jina lile lenye namba ya toleo. Ukipandisha APEX mwakani, injini itakuwa na jina jipya, na orodha ya ruhusa hizi ni miongoni mwa vitu vya kukagua jioni ile ile kabla ya kwenda nyumbani. Na ukipita kwenye mafunzo mengi utaona host imewekwa nyota, yaani popote duniani. Kwenye mashine ya majaribio sawa. Kwenye hifadhidata yenye mishahara, taja seva unazozihitaji moja moja.

Ukikuta ORA-29024 badala yake, umeruhusiwa kutoka lakini cheti cha upande wa pili hakijaaminika. Oracle haitumii orodha ya vyeti ya kivinjari chako. Inatumia pochi yake, ile wallet, ambayo njia yake unaiandika kwenye mipangilio ya instensi ndani ya APEX. Weka humo vyeti vya mamlaka, ule wa mzizi na wa kati. Usiweke cheti cha seva yenyewe. Tangu Oracle 12c, cheti hicho kikiwemo kwenye pochi chenyewe kinaweza kuwa chanzo cha ORA-29024, na ndicho kitu cha kwanza ambacho watu hupakua.

Kuna dalili moja nzuri ya kutenganisha lawama. Kosa likija papo hapo, tatizo ni ruhusa au cheti, kazi yako. Ukurasa ukikaa kimya muda mrefu ndipo ukaleta kosa la muda kuisha, ombi limemezwa na ukuta wa moto njiani, na sasa ndiyo zamu ya mtu wa mtandao.

Barua pepe nazo zina utata wake mdogo. APEX_MAIL haitumi barua, inaiweka kwenye foleni, na kazi ya usuli huipeleka kila baada ya dakika 5. Kwa hiyo prosija kumaliza bila kosa si ushahidi kwamba barua imeondoka. Tazama APEX_MAIL_QUEUE, safu ya MAIL_SEND_ERROR. Kama foleni inajaa na hakuna kosa lolote, angalia kama JOB_QUEUE_PROCESSES imewekwa sifuri. Hapo hakuna kazi ya usuli inayoendeshwa kabisa. Na kama umeita APEX_MAIL nje ya ukurasa, tuseme kwenye kazi ya usiku, malizia na COMMIT, la sivyo barua zako hazijawahi kuwepo.

Kilicho kwenye skrini hakijafika

Ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja cha kumfundisha msanidi mpya wa APEX, kingekuwa hiki, maana ndicho kinachozalisha maswali mengi na majibu mengi ya kubahatisha.

Chukua fomu ya kawaida ya usajili. Kuna orodha ya mikoa, P5_MKOA, na orodha ya wilaya, P5_WILAYA, ambayo SQL yake ni hii:

select jina d, id r from wilaya where mkoa_id = :P5_MKOA order by jina

Unachagua Tanga. Unategemea Lushoto, Korogwe, Pangani na wenzao wajitokeze. Orodha ya wilaya haina kitu. Unaiendesha SQL pembeni kwa kuweka namba ya mkoa kwa mkono, inaleta wilaya zote. Unaanza kushuku kashe, kivinjari, hata toleo la APEX.

Ukweli ni kwamba kuna P5_MKOA mbili. Moja iko kwenye kivinjari, ndiyo uliyoibadilisha kuwa Tanga. Nyingine iko kwenye hifadhidata, kwenye hali ya sesheni, yaani thamani ambazo APEX inaitunzia kila sesheni, na hiyo bado ni tupu. :P5_MKOA kwenye SQL inasoma ile ya hifadhidata. Kuchagua kwenye skrini hakupeleki chochote. Thamani hupelekwa ukurasa unapowasilishwa, au pale unapoiambia APEX waziwazi ipeleke. Kwa orodha tegemezi, unaijaza P5_MKOA kama mzazi wa P5_WILAYA kwenye sifa zake, na APEX inaipeleka yenyewe. Kwa ripoti inayotakiwa kujirudia baada ya chujio kubadilika, na kwa kipande cha PL/SQL kinachoendeshwa na kitendo cha papo hapo (Dynamic Action), kuna kisanduku kilichoandikwa Page Items to Submit. Kisanduku hicho kikiwa wazi, PL/SQL yako inasoma thamani ya jana. Wala haikosei kwa kelele: inakupa jibu, ila ni jibu la swali la zamani.

Kujiridhisha, tumia upau wa msanidi chini ya ukurasa, ufungue Session, usome thamani ya P5_MKOA kama hifadhidata inavyoijua. Ikitofautiana na unachokiona juu ya skrini, umemaliza uchunguzi.

Upande wa pili wa sarafu ni thamani inayong'ang'ania. Mtumiaji alifungua ankara fulani jana asubuhi, akazunguka, akarudi kwenye ukurasa ule ule kupitia menyu, na fomu ikamletea ile ile ankara wakati alitaka mpya tupu. Hali ya sesheni haikusafishwa. Kiungo cha kuanzisha rekodi mpya lazima kitaje namba ya ukurasa kwenye Clear Cache. Na ukumbuke kwamba vichupo viwili vya kivinjari kimoja kwa kawaida vinashiriki sesheni moja; mtu mwenye wateja wawili wamefunguliwa sambamba anaweza kuona data ya mmoja ikivuja kwenye ukurasa wa mwingine, hasa pale ambapo umehifadhi mteja wa sasa kwenye kipengele cha programu nzima.

Kosa la jamaa hiyo hiyo ni kutegemea vigezo vya kifurushi cha PL/SQL. Umeweka thamani kwenye kifurushi ukurasa wa 3, unaitafuta ukurasa wa 4, haipo. Kila ombi linaweza kupewa muunganisho mwingine kutoka kwenye lile kundi la ORDS. Sesheni ya APEX na sesheni ya hifadhidata ni vitu viwili tofauti, na hakuna ahadi yoyote kwamba zitakutana tena.

Polepole ya nani

"Mfumo ni mzito" nayo ni sentensi ya kugawanya. Ukurasa mmoja ni mzito, au vyote, pamoja na ule wa kuingilia? Ukurasa wa kuingilia hauna ripoti yoyote. Ukichelewa huo, tatizo si SQL ya ukurasa ule. Mara nyingi miunganisho yote ya ORDS imeshikwa na watu wengine na wewe uko kwenye foleni. Ripoti moja ya mwaka mzima, ikibofywa na watu wanaodhani haijabofyeka vizuri na kubofya tena, inatosha kuimaliza miunganisho yote. Kuongeza jdbc.MaxLimit kunapunguza maumivu kwa siku kadhaa, lakini ripoti ile bado ipo, na sasa ina nafasi ya kubana hifadhidata zaidi.

Kuipata, APEX imeshakuandikia kumbukumbu bila kuombwa:

select page_id, count(*) mara,
       round(avg(elapsed_time),2) wastani,
       max(elapsed_time) upeo
from apex_workspace_activity_log
where application_id = 100
and view_date > sysdate - 7
group by page_id
order by sum(elapsed_time) desc;

Nimepanga kwa jumla ya muda, si kwa wastani, kwa makusudi. Ukurasa wa sekunde 40 unaofunguliwa mara mbili kwa wiki si shida ya kwanza. Wa sekunde 3 unaofunguliwa siku kutwa na kila tawi ndio shida. Kumbukumbu hizi hazikai milele: kwa mpangilio wa kawaida majedwali yake hupokezana kila siku 14, kwa hiyo kama bosi anataka ulinganisho wa robo mwaka, nakili kwenye jedwali lako.

Ukishaupata ukurasa, washa Debug ngazi ya 9 kwenye upau wa msanidi na usome ni mstari gani umekula muda. Tafuta kwanza v('P12_TAREHE') ndani ya WHERE. Hiyo ni fanksheni, na inaweza kuitwa kwa kila rekodi ya jedwali. Ibadilishe iwe :P12_TAREHE. Ikitokea umekuta &P12_TAREHE. yenye nukta mwishoni ndani ya SQL, ibadilishe haraka zaidi: hapo thamani aliyoandika mtumiaji inabandikwa kwenye SQL kama maandishi, na huo ni mlango wa kupenyeza amri.

Saa tatu zinazopotea

Wengi wanaoanza na hifadhidata ya Oracle iliyo kwenye wingu hukuta SYSDATE inatoa saa ya UTC. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa tatu mbele. Mauzo yaliyofanyika saa saba na nusu usiku tarehe 1 yanaandikwa saa nne na nusu usiku ya siku iliyotangulia, yaani mwezi uliopita. Mchana hakuna anayegundua, kwa sababu tarehe bado ni ile ile. Linagundulika mwisho wa mwezi, kwa mhasibu wa kituo cha mafuta au duka la dawa linalokesha.

APEX ina mpangilio unaosoma majira ya kivinjari, Automatic Time Zone, lakini unaathiri sesheni, yaani CURRENT_DATE, LOCALTIMESTAMP na safu za aina ya TIMESTAMP WITH LOCAL TIME ZONE. SYSDATE haiguswi. Kwa hiyo amua mapema: ama uhifadhi kwa aina hiyo ya safu na kuiachia APEX ioneshe saa ya mtumiaji, ama uache SYSDATE isiwepo kabisa kwenye triga zako.

Tarehe zenyewe nazo ziwekewe umbo moja kwenye sehemu ya Globalization ya programu, tuseme DD/MM/YYYY. Vipengele vyote vya APEX ni maandishi mpaka uvibadilishe. Bila umbo lililokubaliwa, 08/04 inaweza kupita kimya kimya kama tarehe 4 Agosti, wakati 15/04 inaleta ORA-01843, mwezi usio halali. Watu hulalamikia ya pili. Ya kwanza ndiyo inayoharibu vitabu.

Bakapu isiyo na programu

Ofisi nyingi zina Data Pump, zana ya Oracle ya kusafirisha data kwenda kwenye faili, na kila usiku inasafirisha skima ya STOO. Inarejeshwa vizuri, majedwali yote yapo, rekodi zote zipo. Programu haipo. Kumbuka kurasa zako ni rekodi kwenye majedwali ya WWV_FLOW, na majedwali hayo ni mali ya APEX_240200, si ya STOO. RMAN, zana ya Oracle ya bakapu, ikichukua hifadhidata nzima inabeba vyote, lakini anayetegemea Data Pump ya skima pekee amehifadhi data na kuacha programu. Ongeza kwenye kazi ya usiku amri ya SQLcl, zana ya Oracle ya mstari wa amri, apex export -applicationid 100 -split, na upeleke matokeo kwenye Git, inayotunza historia ya mafaili. Hiyo -split inatoa kila ukurasa kwenye faili lake, hivyo unaona ukurasa gani umebadilika na umebadilika nini.

Wanaotumia Autonomous Database ya bure, hifadhidata ya Oracle iliyo kwenye wingu, wana la ziada: hifadhidata isiyoguswa siku 7 mfululizo husimamishwa yenyewe, na ikikaa imesimama kwa jumla ya siku 90 inaweza kufutwa moja kwa moja.

Na kama mtu amefuta ukurasa sasa hivi, usikimbilie bakapu. Kwenye kidirisha cha kusafirisha programu kuna sehemu ya kutaja dakika: ilivyokuwa dakika 10 zilizopita. APEX inasoma data ya zamani iliyoko kwenye undo ya hifadhidata, mahali inapotunza data ilivyokuwa kabla ya mabadiliko, na kukupa faili la programu kabla ya kufutwa. UNDO_RETENTION ya kawaida ni sekunde 900, robo saa, na hata hiyo haina dhamana kama hifadhidata ina kazi nyingi. Kwa hiyo usafirishe kwanza, ukiingize kama programu yenye namba nyingine, unakili ukurasa ule kurudi mahali pake, na maswali ya nani kafuta yasubiri.